Mani planti, gugumaji na nyavu kuukuu



Najua wengi mmekuja hapa mkitafuta sehemu ya pili ya ile makala ya hifadhidata. Itakuja, nawaahidi. Leo naomba tuiache tarakilishi ipoe kidogo, tuzungumze kuhusu mimea inayopanda, na hasa kuhusu kile kitu inachopandia. Msikimbie! Mtaona kwamba hatuendi mbali sana na mambo yetu ya kawaida.

Mimi naishi Migori mjini, naandika programu, na ugali wangu unatoka huko. Shangazi yangu ana kitalu cha miche nje kidogo ya mji wa Homa Bay. Kwa miaka mingi ameuza miche ya miembe, miparachichi, mikaratusi na maua ya uani. Siku hizi watu wamependa mimea ya ndani ya nyumba, hasa mani planti, ndivyo tunavyoitamka huku, na monstera, ile yenye majani mapana yaliyotobokatoboka.

Aprili 2025 hoteli moja ya ufukweni, upande wa Mbita, ilimpa shangazi oda ya mani planti 24. Kila moja iwe imepanda nguzo ya mita 1.2 hadi juu, majani yawe mapana, na zote ziwe tayari katikati ya Desemba. Bei ni shilingi 1,800 kwa kila moja. Mjue kwamba mche mdogo wa mani planti ndani ya karatasi nyeusi yeye huuuza shilingi 150. Mara kumi na mbili! Oda nzima ni shilingi 43,200, na hoteli ilitanguliza nusu, yaani 21,600.

Sasa sikilizeni. Binti yake alikuwa gredi ya 9, akisubiri kuingia gredi ya 10 Januari 2026, kundi la kwanza la mtaala mpya kufika sekondari ya juu. Karo, sare, godoro, sanduku... wazazi mnaosoma hapa mnajua wenyewe. Ile pesa ya kwanza iliingia kwenye neti ya kivuli, mbolea na deni la zamani. Kwa hiyo mimea ikikataa kupanda, shangazi hapotezi faida tu. Anadaiwa pesa ambazo hazipo tena.

Ndipo simu yangu ikalia. "Wewe si ulisomea sayansi?" Kwa shangazi yangu sayansi ni moja tu, haina matawi :-)

Kwa nini mmea unataka nguzo

Nikaanza kama ninavyoanza na programu niliyoandikiwa na mtu mwingine: kwanza elewa inafanya nini, halafu ndipo uiguse.

Kwao mani planti ni kisiwa cha Mo'orea, Polinesia ya Ufaransa, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Monstera ile ya kawaida inatoka misitu ya kusini mwa Meksiko hadi Panama. Zote mbili ni za ukoo mmoja na nduma, naam, nduma zile zile tunazochemsha tukanywea chai. Ukitaka kujua undugu wao, kumbuka jinsi nduma mbichi inavyowasha mdomo. Mani planti na monstera nazo zina vile vijisindano vya kalsiamu oksaleti ndani ya majani. Basi watoto wadogo, paka na mbwa wasizitafune.

Msituni mimea hii huanza maisha chini, kwenye giza, huku mwanga ukiwa juu kabisa. Haina shina gumu la kusimama yenyewe, kwa hiyo lazima itafute mti. Itaupataje bila macho? Mwaka 1975 jarida la Science lilichapisha utafiti uliofanywa Costa Rica juu ya aina moja ya monstera. Watafiti waliona kwamba mche mchanga haufuati mwanga kama tulivyofundishwa shuleni. Unafuata giza! Maana chini ya msitu kitu chenye giza kuliko vyote ni shina la mti mnene. Ukishaligusa shina, mmea unageuza nia na kuanza kupanda kuelekea mwanga. Kwa sisi watu wa kodi hiyo ni amri mbili tu: kama hujapata mti, fuata giza, ukishapata mti, fuata mwanga. Mstari mmoja wa "kama" na mwingine wa "la sivyo". Nilipoisoma nilicheka peke yangu usiku.

Lakini lililonishangaza zaidi ni majani. Mani planti inayoning'inia kutoka kwenye rafu ina majani madogo, ya kutosha kiganja. Mmea huo huo ukipanda mti mkubwa penye joto na unyevu, majani yake yanaweza kupita nusu mita na kuanza kupasuka pembeni kama monstera. Si mbegu nyingine wala aina nyingine. Jeni ni zile zile. Programu ya jani kubwa imo ndani ya mmea siku zote, inasubiri kuambiwa kwamba sasa tunapanda.

Na kwenye kila kifundo cha shina kuna mizizi ya hewani. Ikigusa kitu kikavu, hujishika kidogo kisha ncha hukauka. Ikigusa kitu chenye unyevu na nyuzi za kupenya, hurefuka, hugawanyika na kuanza kunywa. Kila kifundo kinakuwa kituo cha maji njiani. Hapo ndipo siri ya nguzo ilipo: kazi yake si kuzuia mmea usianguke tu, ni kuunywesha ukiwa safarini. Nguzo kavu ni fimbo tu.

Ndugu zetu wa pwani na visiwani wataniambia hili si jipya, na ni kweli. Pilipili manga, vanila na tambuu hupandishwa juu ya miti Unguja na Pemba, na vanila hupandishwa kwenye miti hai huko Uganda pia. Mkulima anajua kwamba mti ulio hai ndio nguzo bora: una gome lenye mikwaruzo, una kivuli, na unyevu hauchezi mbali. Tatizo la shangazi ni kwamba hauwezi kuingiza muembe sebuleni kwa mtu.

Sponji ya watu wa baridi

Huko Ulaya na Marekani wanatumia nguzo iliyojazwa sfagnamu, mmea mdogo laini unaoota kwenye vinamasi vya nchi za baridi. Ukishakauka, sfagnamu inaweza kubeba maji hata mara 16 au zaidi ya uzito wake. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza Waingereza waliitumia kufungia vidonda vya askari kwa sababu inafyonza kuliko pamba. Ile ya kupandia mimea nyingi huvunwa Chile na New Zealand.

Nairobi inapatikana. Nilipouliza bei ya mfuko mdogo, nikazidisha kwa nguzo zote, jibu likapita ile pesa ya kwanza ya hoteli. Hesabu hiyo haikuhitaji programu. Na kabla hujaniuliza kwa nini tusiende kung'oa mimea kama hiyo kwenye misitu ya milima yetu: ile ni sponji inayotunza maji ya mito. Tuiache ilipo.

Basi tukakaa mimi na shangazi chini ya muembe wake, tukaandika kwenye karatasi tunachotaka. Kitu chenye nyuzi. Kinachoshika maji lakini kinapitisha hewa, mizizi isizibwe pumzi. Kisichooza haraka. Kinachopatikana kati ya Migori na Homa Bay au kinachoweza kuletwa kwa basi. Na kiwe bei ya chini, au bure kabisa.

Halafu tunahitaji waya wa kuku wa kukishikilia hicho kitu kwenye nguzo. Hapa ngoja niwachekeshe. Kwa Kijaluo shangazi tunamwita "waya". Kwa hiyo siku nzima nilikuwa nasema "Waya, tutanunua waya wapi?" na yeye anajibu "Waya yuko hapa, pesa ya waya ndiyo haipo." Mwisho waya hatukununua. Alisema, "Mwanangu, watu wa ziwani hawanunui matundu." Akanipeleka wanakoshusha samaki, tukapewa nyavu kuukuu za nailoni ambazo zilikuwa zitupwe. Tundu zake ni ndogo, mizizi inapita, nyuzi za ndani hazimwagiki, na nailoni haishiki kutu. Ukiziacha zikaingia ziwani huwa zinaendelea kunasa samaki bila mwenyewe, basi kuziondoa huko ni faida nyingine.

Gugumaji

Nyuzi za ndani nazo? Mtu yeyote aliyewahi kusimama gatini Homa Bay anajua jibu linaloelea mbele yake.

Kwa wasomaji wa mbali: gugumaji ni mmea unaoelea, maua ya zambarau mazuri sana, asili yake ni bonde la mto Amazon huko Amerika ya Kusini. Ulisambazwa duniani na watu walioupenda kwa urembo wa maua hayo. Ziwa Victoria uliingia mwishoni mwa miaka ya 1980, na miaka ya 1990 ulifunika sehemu kubwa za Ghuba ya Winam. Mashua hazitoki, samaki hawafikiki, maji yanakosa hewa. Mwaka 1997 Kenya ilianza kuachilia wadudu aina ya fukusi wanaokula gugumaji hilo, na lilipungua sana, lakini halikuisha. Mpaka leo upepo ukigeuka unaweza kuamka asubuhi ukakuta ghuba imekuwa shamba.

Shina la gugumaji ndani yake ni kama sponji, lina vyumba vya hewa, ndiyo maana linaelea. Mafundi wa Kisumu hulikausha na kusuka kamba, vikapu na viti. Tukasema, kama linasukwa kiti, litashindwaje kukaa ndani ya wavu?

Tukavuna, tukakatakata, tukaanika juu ya turubai mbali na maji. Hapa muwe makini: likauke kabisa hadi livunjike kwa mkono. Na tulichukua mashina peke yake, si mizizi wala maua, kwa sababu mbegu za gugumaji hukaa hai kwa miaka mingi. Mei ni mwezi wa mvua, kukauka kulichukua muda, na tulipata ya kutosha nguzo kumi tu.

Kwa nguzo nyingine kumi, binamu yangu alitutumia kwa basi gunia la usumba kutoka Kilifi, zile nyuzi za makumbi ya nazi zinazosukwa kamba. Usumba wa pwani mara nyingi huwa umelowekwa kwenye maji ya bahari, kwa hiyo tuliuosha mara tatu kwa maji matamu kutoa chumvi kabla ya kuutumia.

Zikabaki nguzo sita bila kitu. Tukazipandia hivyo hivyo, mti mtupu wa mkaratusi wenye gome, tukisubiri jua lirudi tukaushe gugumaji jingine. Jumla 26: oda ya 24 na mbili za akiba.

Vipandikizi shangazi hakuvitoa kwenye vyungu. Kuna mani planti ya zamani imepanda muembe wa uani kwake, iko juu, majani kama sinia. Alikata zile ncha za juu, kila kipande kina vifundo vitatu au vinne, akaweka vinne kwenye kila chungu. Ncha iliyokwisha kukomaa haianzi tena utotoni, inaendelea na majani makubwa mradi iendelee kupanda. Hilo yeye alilijua kabla yangu, na mimi nikalisoma baadaye.

Vipimo

Hapa ndipo kazi yangu ilipoingia. Nilitoka Migori kila Jumamosi ya pili, matatu hadi Rongo, kutoka Rongo kupitia Rodi Kopany hadi Homa Bay, nikiwa na rula na daftari. Nilipima upana wa jani jipya kabisa kwenye kila mmea. Katikati ya Julai wastani ulikuwa hivi: mti mtupu sentimita 9, usumba sentimita 15, gugumaji sentimita 16. Mimea ni michache, wala sisemi huu ni utafiti wa chuo kikuu. Lakini tofauti ya 9 na 15 huhitaji takwimu kuiona, inaonekana ukiwa barabarani. Kwenye mti mtupu mizizi ilikuwa imechomoza na ncha zote nyeusi, zimekauka. Wiki hiyo hiyo zile sita nazo zikavikwa gugumaji na wavu.

Swali la pili lilikuwa maji. Shangazi alikuwa akimwagilia juu ya nguzo asubuhi na jioni kwa kikombe. Kidole chake kilimwambia nguzo zina unyevu. Mimi nilileta kipima unyevu, kibodi kidogo cha ESP32 na betri. Nilichukua vile vipima vya kapasita kwa sababu vile vya bei rahisi zaidi vyenye ncha mbili za chuma hupitisha umeme kwenye maji na kuliwa na kutu haraka. Nikaweka viwili kwenye nguzo moja, kimoja chini na kimoja juu, nikaviacha wiki mbili vikiandika kila dakika kumi.

Nilipochora ile grafu tuliiangalia pamoja. Chini ya nguzo mstari ulikuwa umetulia, maji yapo saa zote. Juu ya nguzo mstari ulikuwa unaporomoka kila siku, na kufikia saa saba mchana, jua la ziwani likiwa kali, juu kulikuwa kukavu kabisa hadi jioni. Shangazi akasema, "Ndiyo maana inapanda haraka halafu inachoka." Kidole chake hakikuwa na kosa lolote, kilikuwa kinapima pale kinapofika asubuhi.

Sasa nilikuwa na mipango mikubwa! Pampu, vali, paneli ya jua, ujumbe mfupi kwenda kwenye simu ya shangazi kila nguzo ikikauka. Nilishaanza kuchora. Shangazi aliniuliza swali moja: "Hiyo ikiharibika wewe ukiwa Migori, nani atailipia?" Nikafunga daftari. Ni swali ambalo kila mteja angepaswa kutuuliza sisi watu wa programu kabla hajasaini.

Tulichofanya ni hiki. Chupa ya soda ya nusu lita, tundu moja la sindano kwenye kifuniko, imegeuzwa juu chini na kufungwa kwenye kilele cha nguzo. Tundu jingine dogo huku juu la kuingiza hewa. Inadondosha polepole kwa muda wa saa sita hivi. Inajazwa saa nne asubuhi, inaisha jua likishuka. Nguzo 26 mara nusu lita ni lita 13, hazifiki mtungi mmoja wa lita 20. Nikarudisha kipima kwa wiki moja kuhakikisha: mstari wa juu ukatulia. Kisha nikang'oa kila kitu chenye waya (wa umeme, si shangazi) nikaenda nacho nyumbani.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu siku hiyo. Kuna vifaa vya kuishi navyo na kuna vifaa vya kujifunzia. Kipima kilikuwa cha kujifunzia. Kilituonyesha kitu ambacho kidole kisingekiona, kikamaliza kazi yake, kikaondoka. Chupa ndiyo ya kuishi nayo, kwa sababu ikipasuka shangazi anaokota nyingine. Tunajenga mifumo mingi mno inayotaka kubaki milele pale ambapo wiki mbili zingetosha.

Desemba

Sasa matokeo, maana najua mnasubiri.

Nguzo kumi za usumba zote zilifika juu na majani mapana. Za gugumaji kumi za kwanza, nane zilifika. Mbili zilikuwa zimeanza kuoza ndani, gugumaji likajikaza na kushuka, likaacha pengo juu na mmea ukasimama. Ukweli ni huo: gugumaji linashika maji vizuri kuliko usumba, lakini miezi sita au saba ndio umri wake. Na zile sita zilizoanza na mti mtupu, moja tu ilifikia kipimo cha hoteli. Wiki kumi za mwanzo hazikurudi. Jumla 19.

Hoteli ilikuja na gari, ikachukua 19 na kuacha zilizobaki. 19 mara 1,800 ni 34,200, toa ile 21,600, inabaki 12,600. Shangazi akaambiwa atatumiwa kwa simu jioni hiyo. Jioni ikapita. Krismasi ikapita. Mwaka mpya ukaingia, shule zinafunguliwa, na simu ya hoteli inaita bila kupokelewa. Sitaitaja jina. Shangazi alikopa kwenye chama chake, binti akaripoti shuleni na sanduku lake, na ile pesa ikaingia siku chache baadaye bila neno la samahani. Chama kikalipwa.

Na zile saba zilizobaki? Hakukaa akizililia. Alizipanga kando ya barabara, nguzo zimesimama, majani yanang'aa, na nne zikaondoka kwa shilingi 1,200 kila moja ndani ya mwezi. Mteja mmoja alimwambia hajawahi kuona mani planti imesimama, kwake siku zote inalala. Sasa watu wanakuja wakiuliza "ile iliyosimama". Hakuna hoteli inayoshikilia shingo yake.

Neno la tahadhari

Kabla sijawapa maelekezo, kuna jambo linalonikera na lazima niliseme. Gugumaji lililetwa na watu waliopenda maua. Mani planti nayo inapendwa kwa majani, na katika nchi kama Sri Lanka, na Marekani huko Hawaii na Florida, imetoroka bustanini ikafunika ardhi na miti. Haihitaji mbegu. Kwa kweli kutoa maua kwake ni nadra mno: mwaka 2016 watafiti walieleza kwamba jeni moja inayohusika na kutengeneza homoni ya jiberelini haifanyi kazi ndani yake, na walipoipulizia homoni hiyo ikachanua. Haichanui lakini inatembea, kwa sababu kila kifundo kilichokatika ni mmea mpya. Basi mabaki ukikata usiyatupe mtoni wala kando ya ziwa. Yaanike yafe kabisa. Sisi wa Winam tunajua bei ya ua zuri lililoachwa huru.

Ukitaka kutengeneza yako

1. Chukua mti mgumu wa mita 1.5, ncha ya chini ishike hadi kitako cha chungu. Chungu kiwe kizito, nguzo yenye maji ina uzito.
2. Weka gugumaji kavu ndani karibu na mti, na usumba nje yake, unene wa vidole vitatu pande zote. Hivi ndivyo shangazi anavyofanya sasa: gugumaji linabeba maji, usumba unabaki umesimama gugumaji likioza. Kama huna hivyo viwili, jaribu nyuzi za katani zilizooshwa vizuri.
3. Viringisha wavu kuukuu, kaza kwa uzi wa nailoni. Usibane sana, mizizi inataka hewa.
4. Lowesha nguzo yote kabla ya kupanda.
5. Funga shina kwenye nguzo hapo kwenye kifundo, upande wenye mizizi uguse nguzo. Usifunge kikonyo cha jani, kinatakiwa kugeuka kufuata mwanga.
6. Chupa ya nusu lita juu, tundu la sindano. Chungu kimwagiliwe udongo ukianza kukauka tu, maana mizizi ya chini ikilowa siku zote huoza.
7. Weka penye mwanga mwingi lakini si jua la moja kwa moja. Gizani haitatoa jani kubwa hata uwe na nguzo ya dhahabu.
8. Ikifika juu una njia mbili: ongeza nguzo nyingine juu yake, au kata ncha uipande upya kwenye chungu kingine.

Moja iko hapa mezani kwangu Migori, karibu na kioo cha tarakilishi. Ni moja ya zile tatu zilizobaki, na nililipa 1,200 kama mteja mwingine yeyote, maana Waya hauzi kwa undugu. Jani la juu nimelipima leo: sentimita 21.

Kama uko Kisumu, Mwanza, Kampala au Bukoba, nanyi mna gugumaji na nyavu kuukuu. Jaribuni, pimeni, mniandikie namba zenu. Hasa nataka kujua kama kuna aliyepata njia ya kulifanya gugumaji lidumu mwaka mzima bila kuoza. Shangazi anauliza pia, na yeye, tofauti na mimi, ana oda zinazosubiri.

Wiki ijayo hifadhidata. Kweli safari hii!